Prosesa Iliyokuwa Kwenye Droo

Watu wa pale jengoni wananiita Mama Subiri. Sina mtoto anayeitwa Subiri, wala sina mtoto. Jina lilikuja kwa sababu mtu akipanda ngazi na pesa mfukoni akitaka kompyuta ya gemu leo hii, mimi humwambia angoje. Ngoja mwisho wa mwezi, bei itashuka. Ngoja mzigo mpya, hizi zilizopo ni za mwaka juzi. Ngoja nipime kwanza. Wengine hukasirika wakashuka kwa jirani yangu wa chini, akawauzia chochote kilicho kwenye rafu, na baada ya miezi miwili wanarudi kwangu na mashine inayokwamakwama. Hapo nawasuta kwanza, kisha ndiyo nafungua skurubu. Miaka tisa nimelibeba jina hilo kwa majivuno. Siku hizi nikiitwa hivyo najifanya sijasikia.

Jina langu hasa ni Wawira. Duka langu ni chumba kimoja orofa ya pili hapa Nakuru mjini, kinatazamana na mshonaji wa yunifomu za shule. Kazi yangu ni kujenga kompyuta, hasa za wacheza gemu, na hao ndio wateja wasumbufu kuliko wote. Kila mmoja amesoma mtandaoni, kila mmoja ana prosesa, ule ubongo wa kompyuta, anayoishabikia kama timu ya mpira. Mimi sishabikii kitu. Nina daftari. Nikitaka kujua prosesa ipi ni bora, naziweka zote mbili mezani, nacheza gemu moja, barabara moja, mara tatu kwa kila moja, na naandika kila moja imetoa picha ngapi kwa sekunde. Kisha nachukua bei nagawanya kwa hizo picha. Jibu likitoka, mjadala umekwisha. Mtu akinibishia namfungulia daftari, na akizidi kubisha namfungulia mlango.

Baba yangu anaitwa Naftaly Muiruri. Aliendesha trela kati ya Mombasa na Malaba kwa miaka thelathini na moja, kisha akastaafu akarudi Dundori kulima viazi na kufuga ng'ombe wawili. Mama alifariki miaka minne iliyopita. Mimi ndiye binti wa kwanza, kwa hiyo nilipewa jina la mama mzazi wa baba kama ilivyo desturi yetu, na tangu nizaliwe baba hajawahi kuniita Wawira. Ananiita maitu, yaani mama. Akiniita hivyo mbele ya wateja nalainika hata kama nilikuwa katikati ya kumfokea mtu.

Nilipokuwa mdogo, shule zikifungwa alikuwa ananibeba kwenye lori. Dereva wa lori anakaa kulia, na ubavu wa kushoto hauoni vizuri. Hiyo ndiyo kazi ya utingo. Dereva anauliza, "Kushoto?" na utingo anachungulia dirishani anajibu, "Kushoto sawa!" au "Kushoto ngoja!" Bila jibu gari halisogei. Nikiwa na miaka kumi, utingo mwenyewe amejilalia kitandani nyuma ya viti, mimi ndiye niliyekuwa nachungulia. Ukitoka Gilgil ukafika Kikopey, ziwa Elementaita liko upande huo wa kushoto, kingo zake nyeupe. Baba alikuwa akifika hapo anauliza, "Kushoto?" Kushoto sawa. "Na ziwa?" Ziwa sawa! Anacheka peke yake mpaka Mbaruk.

Sasa macho. Mwisho wa Februari alikuja mjini kliniki, akaambiwa ana presha ya macho, na kwamba ilianza zamani bila kumuuma. Kilichokufa hakiwezi kurudi. Dawa ni za kulinda kilichobaki, na kilichobaki ni kidogo. Alinieleza mwenyewe pale dukani, amekaa kwenye kiti cha wateja, kofia magotini.

"Ni kama kuangalia ndani ya bomba," akasema. "Katikati naona. Kando hakuna kitu. Na hiyo bomba inaendelea kuwa nyembamba."

"Daktari amesema itachukua muda gani?"

"Amesema hawezi kujua. Pengine mwaka, pengine miezi tu. Gari nisiguse tena, hata ile pickup ya Jeff."

Jeff ni ndugu yangu, mwanajeshi kambini Gilgil. Nilitaka kulia lakini kulikuwa na mteja, kijana wa benki anayeitwa Kipchirchir, amekuja kujaribu usukani wa gemu aliokuwa ameagiza. Alikuwa anacheza ile gemu ya kuendesha malori, na ndani yake alikuwa ameweka ramani ya barabara za Kenya iliyotengenezwa na vijana wa humu humu nchini. Baba alisikia injini. Akainua kichwa, akasimama, akaenda mpaka pua yake ikakaribia kugusa skrini.

"Hii ni barabara gani?"

"Hii ni Naivasha kuja Nakuru, mzee," Kipchirchir akamjibu. "Hapa nimepita Gilgil saa hii."

"Hebu enda pole pole."

Kipchirchir, Mungu ambariki, akapunguza mwendo. Baba akazungusha kichwa taratibu, akitafuta kwa lile bomba lake, mpaka akalipata ziwa. Lilikuwa ziwa la rangi ya kompyuta, halifanani sana na lile la kweli. Alilitazama muda mrefu. Kisha akanigeukia.

"Maitu, nataka hii. Nitengenezee hii kabla macho hayajafunga. Niende hii barabara mara moja tu nikiiona."

Hilo ndilo pekee aliloniomba maisha yake yote. Sikumbuki akiniomba kitu kingine.

Na sasa nieleze kuhusu hizo prosesa mbili, kwa sababu kosa langu lote limo humo. Siku hiyo, kwenye droo ya meza yangu, ndani ya boksi lake, kulikuwa na Ryzen 5 5600G. Hiyo herufi ya mwisho maana yake ni kwamba inatoa picha yenyewe, haihitaji kadi ya picha. Bodi yake nilikuwa nayo, memori nilikuwa nayo, skrini nilikuwa nayo. Ningeweza kuijenga jioni hiyo hiyo, kesho yake baba akawa barabarani.

Ya pili ilikuwa Core i5 12400F. Herufi yake ya mwisho maana yake ni kinyume: haina picha ndani yake hata tone. Lazima uinunulie kadi, na waya wa skrini lazima uchomekwe kwenye kadi. Ukichomeka kwenye bodi, kompyuta itawaka, itanguruma, itafanya kila kitu, na skrini itabaki nyeusi. Lakini ukiipa kadi nzuri, ni moto. Hiyo sikuwa nayo. Iliniishia wiki iliyotangulia.

Nilizipima zote mbili. Ile ya i5 niliazima kwenye mashine ya mteja, na kadi juu yake. Ya Ryzen peke yake ilitoa picha arobaini na mbili kwa sekunde, na ukiingia mjini Naivasha zinashuka hadi thelathini na moja. Ya i5 na kadi yake ilitoa tisini na sita, na hata mjini haikushuka chini ya themanini. Niligawanya bei, kadi ikiwemo, na bado i5 ikashinda. Nikaandika kwenye daftari, nikapiga mstari chini mara mbili.

Thelathini na moja inaonekana, jamani. Inatembea. Mtu anaweza kuendesha na kuona ziwa na thelathini na moja. Lakini mimi nilijiambia baba yangu hatapewa kitu cha kukwamakwama, si baba wa Wawira, mtu ambaye mji mzima unampandia ngazi kumuuliza ipi ni bora. Nilitaka barabara iteleze. Nilitaka hata yeye aseme kwamba binti yake anajua kazi.

Kwa hiyo nikamwambia asubiri.

Prosesa ilichukua wiki tatu kufika kutoka Nairobi, kwa sababu ilikuwa karibu kushuka bei na mimi nikaingoja ishuke. Kadi niliipata kwa bwana mmoja anayeitwa Achola, fundi wa mabomba kwenye mashamba ya maua, anayekaa Karagita. Alikuwa anauza ya zamani akishanunua mpya. Kila wiki mpya ilikuwa inafika wiki ijayo. Ningeweza kununua kadi dukani siku yoyote, lakini ya Achola ilikuwa na thamani nzuri zaidi, daftari lilisema hivyo. Aprili ikaisha hivyo hivyo.

Kila Jumapili baada ya kanisa baba alikuwa ananipigia.

"Maitu, imefika?"

"Bado, baba. Subiri kidogo tu. Nakutengenezea kitu ya maana."

"Haya. Hakuna haraka."

Siku moja tu aliuliza swali lingine. "Na ile ulisema iko kwa droo? Hiyo haiwezi kutosha?"

Nilikuwa na kazi nyingi siku hiyo, na maswali ya namna hiyo nayajibu mara ishirini kwa siku. Nikamjibu kama ninavyowajibu wateja.

"Baba, hiyo ni ya kuandikia barua za chifu. Wacha mimi nifanye kazi yangu."

"Pole," akasema. Akaniambia pole, mimi.

Nilipeleka mashine Dundori katikati ya Mei, Jumamosi, mvua imetoka kunyesha. Tangu siku ile ya dukani zilikuwa zimepita wiki kumi na moja. Sue, mke wa Jeff, anakaa boma hilo hilo na ndiye anayempikia mzee. Alinisaidia kubeba skrini. Nilifunga kila kitu pale sebuleni, usukani nikaubana kwenye meza, pedali chini. Nilipanga mambo ili baba asihangaike na kibodi: abonyeze swichi, ahesabu hadi mia, abonyeze kitufe cha katikati ya usukani mara mbili, na lori liko barabarani. Nilimfundisha kwa vidole, akashika upesi.

Alikaa. Akashika usukani chini kidogo, kama madereva wazee wanavyoshika. Injini ikawaka kwenye spika na mikono yake ikatulia kabisa. Nilikuwa nimewasha vile vitarakimu vinavyoonyesha picha kwa sekunde kwenye kona ya skrini, na vilikuwa vinasema tisini na nne, tisini na saba, tisini na tano.

"Kushoto?" baba akauliza.

"Baba, angalia kioo," nikamwambia. "Hata vioo vinafanya kazi! Huhitaji utingo kwa hii."

Hakuuliza tena. Aliondoka, akagonga nguzo, akacheka akasema mkono umesahau. Akagonga tena. Nikamwambia atazoea. Nilikaa pale karibu saa nzima nikimweleza jinsi inavyoteleza, na macho yangu yote yalikuwa kwenye kona ya skrini, kwenye tarakimu. Sikumtazama usoni hata mara moja. Ningemtazama ningeona kwamba alikuwa ameelekeza uso wake kidogo juu ya skrini, ukutani, penye kalenda.

"Ni nzuri?" nikamuuliza nikiaga.

"Ni nzuri sana, maitu. Ni kama maji."

Nilishuka Nakuru nikiwa na furaha ambayo naionea aibu mpaka leo.

Baada ya hapo mimi ndiye niliyekuwa nampigia. Kila jioni nikifunga duka nauliza, "Baba, leo umefika wapi?" Leo nimetoka Naivasha. Leo nimepanda mpaka Gilgil, kuna trafiki kidogo pale kwa mizani ya malori. Leo nimefika Kikopey.

"Ziwa umeliona?"

"Nimeliona. Limejaa. Ndege ni wengi kwa ile pembe ya huku."

"Haikwami?"

"Haikwami hata kidogo."

Niliwasimulia wateja. Nilimsimulia mshonaji. Kipchirchir alipokuja nilimwambia mzee anaendesha kuliko wewe.

Alhamisi moja ya Juni nilifunga duka mapema nikapanda Dundori bila kumwambia mtu. Nilikuwa nimebeba memori ya kuongeza, kwa sababu mimi sijui kuacha kitu kikiwa kimetosha. Sue alikuwa nje anachagua viazi, vikubwa gunia hili, mbegu gunia lile. Akanisalimia bila kusimama, mikono yote udongo.

"Mzee yuko ndani, anaendesha," akasema. "Nilimhamishia computer kwa room yake. Wageni wa kanisa walikuja ile Saturday ingine, hakukuwa na space sitting room."

"Ulichomoa waya?"

"Zote. Lakini nilirudisha, kila mmoja penye unatoshea. Na iliwaka mara moja, ikaanza kunguruma vile hunguruma. Si hata mimi ni fundi?"

"Na picha?"

Sue akainua uso. "Picha sijui. Yeye huizima hiyo skrini. Nilimuuliza mbona anaendesha na giza, akaniambia anasave token za stima."

Nilianza kuhesabu. Wageni walikuwa wamekuja Jumamosi ya kabla ya ile iliyopita. Siku kumi na mbili. Na jana yake tu baba alikuwa ameniambia kuhusu ndege.

Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi. Alikuwa ameketi mgongo kwangu, kofia kichwani, mikono kwenye usukani. Spika zilikuwa zinanguruma. Mbele yake skrini ilikuwa nyeusi tii, na ndani ya weusi ule niliona dirisha lililo nyuma yetu, na mimi nimesimama mlangoni. Taa ndogo ya skrini ilikuwa inawaka na kuzima, jinsi inavyofanya ikikosa picha. Hakuwa ameizima. Waya ulikuwa kwenye bodi. Sue aliuchomeka kwenye tundu linalofanana, na prosesa yangu ya thamani nzuri haina picha ndani yake hata tone.

Ningeweka ile ya kwenye droo, picha ingetoka hata kwenye tundu hilo. Picha ingekuwa pale, barabara ingekuwa pale, baba angekuwa ameketi mbele yake, na mimi nisingejua kitu mpaka kufa kwake.

"Baba," nikasema. Sauti yangu ilitoka sawa, sijui vipi. "Ni mimi."

Hakushtuka. "Maitu! Umekuja saa hii?"

"Uko wapi?"

Mguu wake ukakanyaga mafuta, injini ikapanda.

"Niko Kikopey naingia," akasema.

"Ziwa linaonekana?"

"Linaonekana vizuri. Leo limekuwa jeupe."

Nilienda nyuma ya meza nikapiga magoti. Niliuchomoa waya kwenye bodi nikauingiza kwenye kadi. Sikuwa nawaza kitu. Mikono ilifanya tu kile inachokijua. Nilipoinuka skrini ilikuwa imewaka, na lile lori jekundu lilikuwa pale. Halikuwa Kikopey. Halikuwa Gilgil. Lilikuwa ndani ya yadi ya mizigo kule Naivasha, mahali pale pale gemu inapoanzia, pua yake imegandamana na ukuta wa matofali. Magurudumu yalikuwa yanazunguka bure. Kwenye kona tarakimu zangu zilikuwa zinasema tisini na sita.

Nilimtazama baba usoni sasa, kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Mwanga wa skrini ulikuwa umempiga machoni na hakupepesa. Macho yake yalikuwa yametulia kwenye ukuta wa chumba, juu ya skrini.

Nikavuta ndoo ya plastiki nikaigeuza nikaketi kando yake, upande wa kushoto. Nililia bila sauti, kwa sababu sikutaka ajue. Alijua. Alitoa mguu kwenye pedali.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu kabla uilete. Jicho la kulia lilienda mwezi wa tatu. Hili lingine lilingojangoja. Hapo mwisho wa Aprili nikaamka nikafikiria bado ni usiku. Hii boma naijua kwa miguu, hata Sue hajajua."

"Kliniki walisema nini?"

"Walisema imeisha. Nilikuambia iko vile vile kwa sababu ulikuwa unatafuta hiyo kadi kwa nguvu. Ulikuwa unaniambia vile huyo mtu wa Karagita anakusumbua."

"Baba, ungesema."

"Ningesema ndiyo ufanye nini? Uwache kuitengeneza?" Akapapasa akapata bega langu. "Ulikuwa umefurahi, maitu. Tangu mama yenu aende sijakusikia ukifurahi hivyo."

Nilitaka kumkasirikia na sikupata pa kuanzia. Nilijaribu kumkasirikia Achola, nikajaribu Nairobi, nikajaribu hata Sue aliyekuwa anachagua viazi pale nje bila kosa lolote. Hasira zote zilirudi kwangu, na sikuwa na mlango wa kujifukuzia.

"Lori liko wapi?" akauliza. "Kwa kweli."

"Liko yadi, Naivasha. Limegonga ukuta."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa kitu anachokijua. "Nilijua. Injini ikisimama mahali najua vile hulia, na ikitembea najua. Tangu uiache hapa haijatembea hata siku moja. Nilikuwa nakaa tu naisikiza. Lakini wewe ukipiga simu unaniuliza nimefika wapi. Ningekuambia nini?"

Injini ilikuwa inanguruma chini chini. Nje Sue alimwaga viazi kwenye gunia.

"Nataka kukuuliza kitu," baba akasema. "Na usinijibu kama customer. Ile ya kwa droo. Ingetosha?"

Daftari lilikuwa kwenye mkoba wangu, pale miguuni. Arobaini na mbili, thelathini na moja mjini. Ningeweza kumwambia ingekwama, na haingekuwa uongo mtupu. Mwezi wa pili alikuwa bado na bomba lake. Alikuwa amelitafuta ziwa kwenye skrini ya mteja mpaka akalipata.

"Ingetosha, baba."

"Siku hiyo hiyo?"

"Kesho yake."

Mkono wake ulibaki begani mwangu, na nilihisi uzito wake ukiongezeka kidogo, kama anautumia kujishikilia. Uso wake ulikunjamana mara moja, nikadhani analia, lakini halikutoka chozi. Baada ya muda akauondoa ule mkono akaurudisha kwenye usukani. Akatafuta gia ya kurudi nyuma kwa kidole, akaipata.

"Kushoto?" akauliza.

Nikapangusa macho nikaangalia. Kulikuwa na mapipa, na nyuma yake lango, na nje ya lango barabara inayopanda kwenda Gilgil.

"Kushoto ngoja," nikamwambia. "Kuna mapipa. Kata kulia kwanza. Hivyo. Hivyo. Wacha."

"Kushoto?"

"Kushoto sawa, baba."

Tulitoka yadi. Alikuwa anauliza na mimi najibu, na mpaka Gilgil hakugonga kitu. Kikopey tulifika saa kumi na nusu, Sue ameshaleta chai na imepoa. Ziwa likatokea, likateleza kwenye dirisha la kushoto bila kukwama hata chembe, tisini na sita kwa sekunde, zuri kuliko lile la dukani. Nilingoja aulize, "Na ziwa?" Aliendesha akalipita lote, mikono yake chini kwenye usukani, na hakuuliza.